Programu yangu ya likizo, na kwa nini niliifuta

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na wengine mmeniandikia kuuliza imeishia wapi. Ipo, inakuja. Leo naomba mnivumilie niandike habari ya nyumbani. Lakini msiondoke, kompyuta imo ndani. Tena kompyuta ndiyo iliyoniponza.

Wiki ijayo dadangu anatua kutoka Doha. Mimi naishi Magongo, upande wa Changamwe, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikiteremka tunakatiza mazungumzo ya simu mpaka ipite. Wenyeji wa huku hatusemi "Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi". Twasema Eapoti tu. Ukipanda matatu ukasema Eapoti, makanga hakuulizi unasafiri kwenda wapi, maana anajua huendi popote, unarudi kwako.

Uwanja wenyewe ulijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ukaitwa Port Reitz. Mwaka wa 1979 ukapanuliwa ukawa wa kimataifa. Kwa watu wa Nairobi na wa Ulaya, Eapoti ni mlango wa kuingilia likizoni. Wanashuka na kofia za jua tayari kichwani, wanachukuliwa na magari ya hoteli, wanapita Magongo bila kugeuza shingo. Kwa sisi tunaoishi hapa, mlango huo huo ndio wanaotokea ndugu zetu wakienda kutafuta riziki Ghuba. Kila nyumba ya mtaa wangu ina mtu wake Qatar, Saudia au Oman.

Dadangu aliondoka mwaka wa 2016 kwenda kufanya kazi ya nyumbani. Alimwacha mwanawe wa kiume, wa miaka 3, kwa mamangu, ambaye anaishi nami. Likizo yake ya kwanza aliipata Desemba 2018. Siku 21. Mtoto sasa ana miaka 5, mama anamjua kwa sauti ya WhatsApp na kwa picha.

Mimi kama kaka nikaona jukumu langu ni moja: siku hizi 21 ziwe tamu. Na mimi kazi yangu ni kuandika programu. Basi nikafanya ninachokijua.

Mistari 214 ya Python

Niliandika programu ya kupanga matembezi. Siku kubwa ilikuwa moja, ambayo niliazima Noah ya rafiki yangu ili tuingie sote saba: mimi, mama watoto, watoto wangu wawili, mamangu, dadangu na mwanawe. Kwa sababu gari nililipata kwa siku moja tu, nilitaka tumalize Mombasa yote siku hiyo.

Orodha ilikuwa ya vituo saba: Fort Jesus, Mji wa Kale, zile pembe za Moi Avenue kwa ajili ya picha, Mamba Village, Haller Park, mabwawa ya kuteleza ya Nyali, na mwisho ufukwe wa umma wa Bamburi ambao watu wote huuita Pirates.

Wanaojua kompyuta watatambua swali hili. Ni lile la mchuuzi anayetaka kuzuru miji yote kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Kwa vituo saba kuna mipangilio 5,040, na kompyuta inaijaribu yote kabla hujameza mate. Wala si mimi wa kwanza kuyafanya haya. Marekani kuna jamaa aitwaye Len Testa aliyefanya swali hili kuwa utafiti wake wa shahada ya uzamili, akihesabu namna ya kuzunguka bustani za Disney kwa foleni chache, na baadaye likamwia kazi. Disney wenyewe mwaka wa 1999 walianzisha tiketi ya kuruka foleni iliyoitwa FastPass, ikawa bure kwa miaka mingi, mpaka mwaka wa 2021 walipoiondoa na kuleta huduma ya kulipia. Kwa hiyo nilijiona nimo katika kundi la wakubwa, he he.

Programu ikanipa ratiba. Kuondoka Magongo saa kumi na mbili asubuhi, kurudi saa kumi na mbili jioni. Saa 12 kamili ni dakika 720. Zilizojazwa zilikuwa 700. Dakika 20 nikaziita akiba, nikajisifu kwamba nimeweka na akiba.

Siku yenyewe

Malori ya makontena hayajui Python. Kufika mzunguko wa Changamwe tukakwama nyuma ya trela zinazotoka bandarini, na kabla hatujavuka Makupa dakika 20 zangu zilikuwa zimekwisha, na zaidi. Kuanzia hapo siku nzima nilikuwa nikidai deni.

Fort Jesus tulizunguka mbiombio. Ile ngome imesimama tangu mwaka wa 1593, na sisi tuliipa dakika 25. Mji wa Kale tulipita bila kushuka. Penye pembe nilimsukuma kila mtu mahali pake, nikapiga picha tatu, nikasema "Haya, ndani!" Simu yangu nilikuwa nimeitegea kengele kwa kila kituo. Ikilia, watoto wangu walijua. Wakaanza kuniigiza: "Dakika kumi! Dakika kumi!"

Mamangu miguu ilianza kuvimba tukiwa bado upande wa kisiwani. Akasema yeye atabaki garini. Nikamwambia sawa mama, pumzika. Nakiri kwamba moyoni nilifurahi, kwa sababu bila yeye tungetembea haraka.

Haller Park ndipo pananiuma mpaka leo. Pale kuna wale kobe wakubwa wa Aldabra ambao hutembea wenyewe kwenye njia za wageni. Mpwa wangu alimwona mmoja amelala chini ya mti, akachuchumaa mbele yake, mamake akachuchumaa kando. Ilikuwa mara ya kwanza tangu dadangu afike kumwona mtoto anamvuta mkono mwenyewe. Kengele ikalia.

"Mjomba, ngoja," akaniambia. "Anataka kusimama."

Nikamnyanyua juu juu. Nikamwambia twende, twiga wanalishwa sasa, tutachelewa. Alilia mpaka kwa twiga, na kwa twiga hakuwaangalia.

Tukirudi garini dadangu akaniuliza polepole, "Kaka, kwani tunakimbilia wapi?"

Nikamjibu, "Nyali." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Vituo vyote saba tulivifika. Kwenye lahajedwali langu kila kisanduku kilipata alama ya vema. Pirates tuliingia jua linazama, mpwa wangu amelala begani kwangu, nguo za watoto zimeloa, hakuna mwenye nguvu hata ya kununua dafu.

Siku zilizobaki zilikwenda hivyo hivyo, za kuzuru jamaa, Likoni asubuhi, Kisauni jioni. Siku ya 21 tukamsindikiza Eapoti, ambayo ni dakika kumi kutoka mlangoni petu. Kesho yake tukinywa chai, mamangu akamuuliza mjukuu wake, "Mlifanya nini na mamako alipokuja?"

Mtoto akafikiri. Akasema, "Tulikuwa tukiingia garini."

Hesabu ya foleni

Ningeweza kusema nilibadilika siku ile. Sikubadilika. Nilisema programu ina kasoro, nitairekebisha likizo ijayo, niweke akiba ya dakika 40.

Lakini likizo ijayo haikuja kama tulivyodhani. Ilikuwa iwe katikati ya mwaka wa 2020. Tarehe 25 Machi mwaka huo Kenya ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa kwa ajili ya korona, na hazikurudi mpaka tarehe 1 Agosti. Magongo palikuwa kimya kiasi cha kutisha. Ndege zilipoanza tena, mwajiri wake akaahirisha likizo, akaahirisha tena. Dadangu alirudi nyumbani Agosti 2022. Mtoto alikuwa na miaka 9.

Katika miaka hiyo nilikuwa na tatizo jingine kazini, na hapa ndipo kompyuta inaporudi. Seva yetu moja ilikuwa ikifanya kazi kwa asilimia 95 ya uwezo wake, na bosi alikuwa akisema ni vizuri, hatupotezi pesa. Lakini wateja walikuwa wakilalamika inachelewa. Nikaenda kusoma hesabu za foleni, zile alizoanzisha mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanyia kazi kampuni ya simu ya Copenhagen. Makala yake ya kwanza ni ya mwaka wa 1909. Kabla ya kompyuta, kabla ya intaneti, mtu anahesabu simu zinazogonga.

Katika hesabu iliyo rahisi kuliko zote, yenye mhudumu mmoja na wateja wanaokuja ovyo ovyo, ukitaka kujua kwa wastani kuna watu wangapi mbele ya mhudumu, gawanya sehemu ya muda anayofanya kazi kwa sehemu anayopumzika. Basi. Tazama:

- Akifanya kazi asilimia 50: 50 gawa kwa 50, mtu 1.
- Asilimia 80: watu 4.
- Asilimia 90: watu 9.
- Asilimia 95: watu 19.
- Asilimia 99: watu 99.

Umeona? Kutoka 50 hadi 80 huhisi sana. Kutoka 95 hadi 99 ni nyongeza ndogo tu ya kazi, lakini foleni inazidi mara tano. Seva yetu haikuwa na kasoro. Ilikuwa haina nafasi ya kupumua, kwa hiyo kila jambo dogo lisilotarajiwa lilizaa foleni, na foleni ilizaa foleni.

Usiku ule nikaikumbuka ratiba yangu. Dakika 700 kwa 720 ni asilimia 97. 700 gawa kwa 20 ni 35. Najua familia si seva, msiniandikie kunisahihisha. Lakini nilielewa kitu. Mimi nilidhani trela za Changamwe ndizo zilizoniharibia siku. Trela zipo kila siku! Zilikuwapo kabla sijazaliwa. Miguu ya mamangu nayo ilikuwa inavimba tangu zamani. Na mtoto wa miaka 5 kutaka kumngoja kobe asimame si ajali. Ndiyo tuliyoyafuata kule. Mimi niliyahesabu kama hitilafu.

Agosti 2022

Kabla hajapanda ndege, dadangu alinipigia simu. "Kaka, nakuomba kitu. Safari hii usinipangie."

Nikaifungua programu. Nikaona kuna kigezo kimoja cha idadi ya vituo kwa siku. Nikakibadilisha kutoka 7 kikawa 1. Kisha nikaitazama mistari 214 na kujiuliza inafanya nini tena. Kituo kimoja kina mpangilio mmoja. Nikaifuta.

Likizo ilikuwa tena siku 21. Matembezi ya kulipia tulifanya mawili tu. Siku tano za kwanza hatukwenda mahali. Dadangu alilala, akapika mahamri na mbaazi, akakaa barazani na majirani. Mtoto alikuwa akimpita kwa mbali kama anavyopita mgeni. Siku ya nne alikuja kukaa kando yake na daftari la skuli, bila kuitwa.

Haller Park tuliwapeleka siku ya kawaida, si wikendi, kwa matatu mbili, tukaingia hatuna haraka. Hapo mahali penyewe pana la kufundisha kama utapata muda wa kusoma vibao. Palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ardhi imebaki jiwe tupu. Mwaka wa 1971 Mswisi Rene Haller alianza kupanda miti humo. Mivinje ndiyo iliyostahimili, lakini majani yake makavu yalikuwa yakirundikana bila kuoza. Aliyemwokoa ni jongoo. Alileta majongoo, wakala majani, wakatoa udongo, na kwenye udongo ule ikaota miti mingine. Msitu mzima umejengwa kwa kasi ya jongoo! Na hapo hapo ndipo alipoletwa Owen, yule kiboko mchanga aliyebaki peke yake pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajiegemeza kwa kobe aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Picha zao zilizunguka dunia.

Mpwa wangu alimsimulia mamake habari hiyo ya Owen yote, kwa sababu waliisoma skuli. Kiboko mdogo aliyepotelewa na mama. Dadangu alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mti, kobe yuko hatua tatu kutoka kwao. Mtoto akamuuliza swali. Sikulisikia vizuri, nilikuwa kwenye benchi na mamangu, na wala halikunihusu. Niliona tu dadangu anajibu kwa muda mrefu, na mtoto anasikiliza huku akichora mchanga kwa kijiti. Walikaa pale zaidi ya saa nzima. Kobe alisimama, akatembea, akalala tena.

Twiga hatukuwafikia saa ya kulishwa. Hakuna aliyeuliza.

Jioni nyingine tulikwenda Mama Ngina, pale bustanini palipotengenezwa upya mwaka wa 2019, hakuna kiingilio. Ukikaa ukutani unaziona meli za makontena zinaingia Kilindini, karibu kama unaweza kuzigusa, na feri za Likoni zikivuka. Tulinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, tukakaa mpaka giza. Mamangu alipata kiti kizuri kuliko sote, na safari hii hakuna aliyemwacha garini. Hatukuwa na gari.

Yasemwe na haya

Sitaki kuwauzia dawa ya kila ugonjwa. Binti yangu alinuna siku mbili kwa sababu alitaka mabwawa ya kuteleza, na alikuwa na haki. Ikabidi tuongeze siku nzima ya mabwawa peke yake, ndiyo yale matembezi ya pili ya kulipia. Dadangu hakuiona tena Fort Jesus, na alipofika Doha aliniambia alitamani. Na kwenda polepole kunahitaji siku. Mtu mwenye likizo ya siku mbili, aliyepanda treni Nairobi akashuka Miritini na watoto watatu, simlaumu akikimbia. Mimi nilikuwa na siku 21 nikazifanya kama mbili.

Kwa mwenye kutaka kujaribu, haya ndiyo tunayoyafuata sasa:

1. Mahali pamoja kwa siku, na baada ya siku ya kutoka, siku ya kukaa nyumbani.
2. Aliye mpole wa miguu ndiye anayeweka mwendo. Kwetu ni mamangu.
3. Nusu ya muda uachwe wazi kabisa. Si "akiba". Wazi.
4. Kila mtoto achague jambo moja katika likizo nzima, na hilo lisifutwe.
5. Siku ya kusafiri, msipange kitu kingine chochote. Tulimpeleka dadangu Eapoti mapema mno, tukakaa nje saa mbili tukila viazi karai kutoka kwenye mfuko. Mtoto alilia, mama alilia. Lakini walikuwa wamekaa.

Wiki ijayo anatua tena. Nimemuuliza mpwa wangu, ambaye sasa ananipita mabega, anataka tumpeleke mamake wapi. Akaniambia, "Mjomba, tumngoje kwanza afike."

Basi tunamngoja. Wenye njia zao za likizo na wazee na watoto, niandikieni, nasoma zote. Na sehemu ya pili ya hifadhidata itakuja, wallahi itakuja, lakini si kabla dadangu hajarudi Doha.